Kabla ya Kwenda Kupasuliwa: Mambo ya Kuzingatia kuhusu Upasuaji wa Kurekebisha Mwili

Somo kwa Kamati za Diakonia za Sharika na Mitaa



Katika sharika za Misima, Handeni, Korogwe na vijiji vya jirani, kamati za diakonia hupokea maombi ya aina nyingi: karo, bati za nyumba ya mjane, chakula wakati wa njaa. Yapo pia maombi ya matibabu, na kati ya hayo liko moja ambalo kamati huona ugumu kulijadili. Ni ombi la mtu anayetaka kurekebishwa sehemu ya mwili: mtoto aliyezaliwa na mdomo wazi, kijana ambaye vidole vyake viligandana baada ya kuungua, mama mwenye kovu kubwa shingoni. Mjumbe mmoja husema apelekwe haraka. Mwingine husema huo ni urembo, fedha ya usharika isitumike hivyo. Wa tatu huuliza kama ni halali kubadili kile ambacho Mungu ameumba.

Somo hili limeandaliwa ili kusaidia mazungumzo hayo. Halichukui nafasi ya daktari. Linataka kamati, familia na wafadhili wajue maswali ya kuuliza kabla mgonjwa hajapanda basi.

1. MAANA YA UPASUAJI HUU

Watu wengi wakisikia “upasuaji wa plastiki” hudhani daktari ataweka plastiki mwilini, kama ya ndoo au mfuko. Sivyo. Neno hilo limetoka katika lugha ya Kiyunani na maana yake ni kufinyanga au kuumba umbo, kama mfinyanzi na udongo wake. Mara nyingi daktari hutumia ngozi, misuli na mishipa ya mgonjwa mwenyewe, akiihamisha kutoka sehemu moja kwenda nyingine.

Upasuaji huu una matawi mawili. La kwanza ni upasuaji rekebishi, unaorudisha umbo na kazi ya kiungo kilichoharibika kwa kuzaliwa, ajali, moto au ugonjwa. La pili ni upasuaji wa urembo, unaobadilisha mwili ambao ni mzima ili upendeze zaidi machoni pa mwenyewe. Mpaka kati ya matawi haya hauko wazi kila mara, nasi tutaurudia mbele.

2. HISTORIA FUPI

Huduma hii si ngeni katika nchi yetu. Madaktari watatu wa fani hii, Michael Wood, Archibald McIndoe na Thomas Rees, walikutana kwenye shamba la Dk. Wood katika miteremko ya mlima Kilimanjaro na kupanga jinsi ya kufikisha upasuaji kwa watu wa vijijini kwa kutumia ndege ndogo. Mpango huo ukazaa, mwaka 1957, shirika la Madaktari Warukao, ambalo leo tunalijua kwa jina la AMREF. McIndoe alikuwa amepata sifa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa kuwatibu huko Uingereza marubani walioungua nyuso na mikono. Alifundisha kwamba kazi haiishi ngozi inapopona. Mgonjwa asaidiwe pia kurudi katikati ya watu, na watu wa mji wafundishwe kumpokea bila kumkodolea macho. Fundisho hilo linatuhusu sana sisi kanisa.

Hospitali ya KCMC iliyoko Moshi, ambayo ilifunguliwa mwaka 1971 na ina mizizi katika ushirikiano wa makanisa, hupokea wagonjwa wa rufaa wa kanda ya kaskazini. Huko Dar es Salaam, CCBRT, iliyoanzishwa mwaka 1994, inajulikana kwa upasuaji wa midomo wazi na makovu ya moto, na Hospitali ya Taifa Muhimbili ina madaktari bingwa wa fani hii.

3. NANI HUHITAJI HUDUMA HII KATIKA ENEO LETU?

(a) Walioungua. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao 180,000 hufa kila mwaka duniani kwa kuungua, wengi wao katika nchi zenye kipato kidogo. Wanaopona hubaki na makovu. Sisi tunapika kwenye mafiga matatu, sufuria ya uji iko chini anapotambaa mtoto, na kibatari bado kipo katika baadhi ya nyumba. Mwenye kifafa anaweza kuangukia motoni. Jeraha la moto likipona lenyewe kwenye kiungo kinachokunjwa, kovu hujivuta. Kidevu hugandana na kifua, kiwiko hakinyooki, vidole hufumbwa na havifumbuki.

(b) Waliozaliwa na mdomo wazi, ambao wengi huuita mdomo wa sungura, au kaakaa lililo wazi. Duniani inakadiriwa kuwa mtoto 1 katika kila 700 huzaliwa na hali hii. Si laana, wala si matokeo ya mama kumcheka mtu au kula nyama fulani akiwa mjamzito.

(c) Wenye keloidi, yaani kovu linalokua kupita mipaka ya jeraha lenyewe. Ngozi nyeusi hupata hali hii zaidi, hata kwa kutoboa sikio tu.

(d) Wenye vidonda vya muda mrefu na saratani ya ngozi, hasa ndugu zetu wenye ualbino. Kidonda kinachoota juu ya kovu la zamani la moto na kisichopona kionwe na daktari mapema, kwa sababu kinaweza kugeuka saratani.

4. MAMBO SABA YA KUZINGATIA

Kwanza: Mgonjwa mwenyewe anataka nini? Mara nyingi baba anasema, mchungaji anasema, mwenyekiti wa kamati anasema, na mwenye mkono uliogandana amekaa kimya. Aulizwe. Pengine hamu yake si sura. Anataka kushika jembe, kufunga vifungo vya shati au kushika kalamu. Daktari akijua lengo hilo atapanga kazi yake vizuri zaidi. Mtoto mwenye umri wa kuelewa aelezwe kwa lugha yake. Mtu mzima asipotaka, asishurutishwe.

Pili: Je, wakati umefika? Mdomo wazi hushonwa mtoto akiwa na miezi kama 3 hadi 6. Kipimo kinachotumiwa na madaktari wengi ni umri usiopungua wiki 10, uzito wa kilo kama 5 na damu isiyopungua 10. Kaakaa hufungwa baadaye, kati ya miezi 9 na 18, ili mtoto ajifunze kusema vizuri. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mama ni lishe: akamue maziwa yake, amnyweshe mtoto kwa kijiko au kikombe akiwa amekaa wima, maana mtoto wa namna hii hushindwa kunyonya na hupaliwa. Asimkatie tamaa kwa kuona wengine wananenepa na wake hapana. Ampeleke kliniki kila mwezi. Aliyechelewa naye asikate tamaa. Hata mtu mzima hushonwa.

Kwa kovu la moto, daktari mara nyingi husubiri kovu likomae, jambo linaloweza kuchukua miezi mingi. Lakini kope zisizofumba au shingo inayozuia kula hazisubiri. Msiamue wenyewe kusubiri. Daktari ndiye aseme.

Tatu: Afya ya mgonjwa ikoje? Upungufu wa damu, malaria, utapiamlo, selimundu, kisukari, shinikizo la damu na ujauzito vyote hubadilisha mpango wa upasuaji na wa dawa ya usingizi. Vipimo vingi vya awali vinaweza kufanyika katika hospitali ya wilaya Handeni au Magunga, Korogwe, kabla ya safari ndefu, ili mtu asifike Moshi na kurudishwa kwa sababu damu haitoshi. Sigara na ugoro hubana mishipa midogo na ngozi iliyopandikizwa hukosa damu na kufa. Viachwe wiki kadhaa kabla. Dawa zote zitajwe kwa daktari, zikiwemo za mitishamba. Hakuna atakayemcheka mgonjwa kwa kusema alichokunywa, ila kuficha kunaweza kumgharimu uhai.

Nne: Nani atapasua, na wapi? Tumieni njia ya rufaa: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, Hospitali ya Rufaa ya Mkoa Bombo huko Tanga, kisha KCMC au Dar es Salaam. Madaktari nchini husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na kuuliza kama daktari amesajiliwa na kama fani yake ni hii si utovu wa adabu. Hospitali ipigiwe simu kwanza. Kambi za upasuaji za madaktari wageni ni baraka, ila swali moja lisisahaulike: wageni wakishaondoka, nani atafungua bandeji?

Tano: Gharama yote ni kiasi gani? Hapa kamati nyingi hukwama. Hata pale upasuaji wenyewe unapofadhiliwa, yapo mengine: nauli ya mgonjwa na msindikizaji kwenda na kurudi, chakula, malazi kabla ya kulazwa, vipimo, dawa, nauli za kurudi kliniki, na shamba lililobaki bila mtu wa kupalilia. CCBRT waliligundua jambo hili kwa akina mama wenye fistula: matibabu yalikuwa bure, lakini wengi hawakufika kwa kukosa nauli. Kuanzia mwaka 2009 wakaanza kutuma nauli kwa M-Pesa kupitia mtu wa kijijini aliyemwibua mgonjwa. Tunashauri bajeti ya kamati iandikwe kwa safari zote, wala si kwa siku ya upasuaji peke yake. Ulizeni pia kama bima ya mgonjwa inalipia huduma hiyo; upasuaji wa urembo kwa kawaida haulipiwi.

Sita: Nani atamtunza baadaye? Ngozi ikishapandikizwa, mgonjwa hukaa hospitali siku kadhaa, pengine wiki mbili au zaidi. Akirudi, kazi kubwa ndiyo inaanza. Huvaa gango kwa miezi, hasa usiku, na hufanya mazoezi ya viungo kila siku, yanauma na yanachosha. Kovu hupakwa mafuta yasiyo na kemikali kali na kukingwa na jua. Mazoezi yakiachwa, mkono hujikunja tena na fedha zote zinakuwa zimepotea. Isitoshe, mtoto hukua lakini kovu halikui naye kwa kasi ile ile, hivyo anaweza kuhitaji upasuaji wa pili au wa tatu. Kabla ya kupitisha ombi, kamati imtaje kwa jina mtu atakayesimamia mazoezi: mama, shangazi, mwinjilisti wa mtaa au mhudumu wa afya. Pia itazamwe majira. Mama akiondoka wakati wa palizi au mavuno, nani atashika shamba?

Saba: Matarajio ni ya kweli? Upasuaji hupunguza kovu, hauliondoi. Ngozi iliyohamishwa mara nyingi huwa na rangi tofauti, na paja lilikotolewa hubaki na alama. Keloidi ikikatwa tu bila tiba ya nyongeza, kama sindano ndani ya kovu, kwa wagonjwa zaidi ya nusu hurudi, na pengine kubwa kuliko ya awali. Dawa ya usingizi ina hatari zake, maambukizi yapo. Mambo haya yaelezwe kwa Kiswahili, au Kizigua kwa mzee anayekielewa zaidi, kabla ya kidole gumba kuwekwa kwenye fomu ya ridhaa. Anayeweka kidole bila kuelewa hajaridhia.

5. JE, SURA NI HITAJI?

Sasa turudi kwa yule mjumbe anayesema “huo ni urembo.” Hoja yake ina uzito. Fedha ya diakonia ni ndogo na maombi ni mengi. Mtu akiulizwa kati ya mkono usioshika jembe na kovu la shavuni, mkono utangulie.

Lakini tusiharakishe kusema uso si hitaji. Binti mwenye kovu la uso huacha shule kwa kuchekwa. Mama mwenye keloidi usoni hukaa nyuma kabisa kanisani, kisha huacha kuja. Mtoto mwenye mdomo wazi hufichwa ndani wageni wanapofika. Hawa hawana maumivu ya mwili, hata hivyo wamekatwa kutoka katika jumuiya. Kipimo tunachopendekeza ni hiki: je, hali hii inamzuia mtu kula, kusema, kufanya kazi, kusoma, au kuishi na wenzake kwa uhuru? Jibu likiwa ndiyo, ni hitaji, hata kama sehemu yenyewe ni uso.

Lipo pia upande wa pili, nao tuuseme bila kuwahukumu watu. Vijana wetu wanaokwenda mijini wanakutana na matangazo ya kubadili rangi, makalio, matiti na tumbo. Huko Nairobi, Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa kuondoa mafuta mwilini katika kliniki binafsi. Upasuaji wa kuhamishia mafuta kwenye makalio ni miongoni mwa ule wa urembo wenye hatari kubwa. Kikosi cha wataalamu wa fani hiyo kilikadiria mwaka 2017 kuwa kifo kimoja hutokea katika kila upasuaji 3,000 wa aina hiyo. Sindano za makalio zinazochomwa majumbani na watu wasiosomea ni hatari zaidi, maana dawa ikishaingia ndani mara nyingi haitoki yote. Mkorogo nao hauko mbali na mada hii: zebaki huharibu figo, na krimu zenye steroidi hufanya ngozi kuwa nyembamba, kiasi kwamba daktari akishona jeraha linachelewa kupona.

Anayefikiria upasuaji wa urembo ajiulize maswali yale yale saba, na aongeze la nane: nani ameniambia kwamba mwili wangu una kasoro? Kama ni mume, rafiki au tangazo, asubiri. Mtu mwenye huzuni kubwa, aliyefiwa au kuachwa karibuni, azungumze kwanza na mtu anayemwamini. Upasuaji unaweza kusubiri mwaka mmoja bila madhara yoyote.

6. NENO KWA MARAFIKI WANAOTUSAIDIA

Marafiki wa miradi hupenda kuona picha za kabla na baada ya upasuaji, nasi tunaelewa shauku hiyo. Tunaomba tukumbuke kwamba mtoto wa leo atakuwa mtu mzima kesho, na picha haifi. Ridhaa ya kupasuliwa si ridhaa ya kupigwa picha. Kila moja iombwe peke yake, na anayekataa picha asipungukiwe na huduma hata kidogo. Taarifa nzuri inaweza kuandikwa bila uso: sasa anashika kalamu, sasa anafunga vifungo mwenyewe.

Tunaomba pia misaada ifuate mgonjwa mpaka mwisho wa mazoezi. Kuwapasua watu wachache na kuwafuatilia mwaka mzima kuna faida kuliko kupasua wengi na kuwaacha njiani.

7. KINGA

Upasuaji ulio bora ni ule usiohitajika. Jiko liinuliwe au lizungushiwe uzio. Mwenye kifafa anywe dawa zake kila siku, na asiachwe peke yake karibu na moto. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, kisha afunikwe kitambaa safi na kupelekwa zahanati. Asipakwe dawa ya meno, mafuta ya kupikia, unga, yai wala kinyesi cha ng’ombe. Wakati wa kupona kiungo kinyooshwe. Mkao ulio rahisi kwa mgonjwa ndio unaoleta kugandana.

8. NENO LA MUNGU

Someni Marko 3:1-6. Yesu anamkuta ndani ya sinagogi mtu mwenye mkono uliopooza. Hamponyi kwa siri pembeni. Anamwita asimame katikati. Waliokuwepo walikuwa na hoja ya taratibu, yeye akawauliza juu ya kutenda mema. Mkono ukawa mzima.

Kisha someni 2 Samweli 4:4 na sura ya 9. Mefiboshethi aliangushwa na mlezi wake akiwa na miaka mitano, akalemaa miguu. Daudi hakuweza kumponya, lakini alimkalisha mezani pake siku zote, na sura hiyo inamalizia kwa kutukumbusha kuwa miguu yake ilibaki vile vile. Habari hizi mbili tuzisome pamoja. Panapowezekana kuponya, tuponye. Pasipowezekana, au mtu asipotaka, nafasi yake mezani iko pale pale. Usharika unaomchangia mtu nauli ya Moshi lakini ukamkwepa kabla na baada, haujamaliza diakonia yake.

MFANO WA KUJADILI (si habari ya mtu fulani)

Kamati ina fedha za kumsaidia mtu mmoja tu. Maombi ni mawili. La kwanza ni la mvulana wa miaka 9 ambaye vidole vya mkono wa kulia viligandana kwa moto. Baba yake anasema hana nafasi ya kumsindikiza mpaka mavuno yaishe. La pili ni la binti wa miaka 17 mwenye kovu kubwa la shavuni, aliyeacha shule. Mama yake yuko tayari kuondoka kesho.

MASWALI

1. Ni nani kati yao aulizwe nini kabla ya kamati kuamua?
2. Je, utayari wa mzazi uhesabiwe kuliko ukubwa wa tatizo? Usharika ungeweza kufanya nini kuhusu mavuno ya yule baba?
3. Andikeni gharama zote za mmoja wao, pamoja na safari za kurudi kliniki kwa mwaka mmoja.
4. Mtaani kwenu yuko mtu anayefichwa kwa sababu ya umbile lake? Nani atamtembelea wiki hii, na atasema nini?

Kamati itakayomaliza somo hili iandike majibu ya swali la tatu na la nne na kuyaleta ofisi ya miradi kupitia kwa mchungaji. Majina ya wagonjwa yatunzwe na mchungaji na katibu tu.



Mratibu wa Miradi ya Dayosisi